Kutoka Amri hadi Hiari: Mfugaji na Chanjo ya Ng'ombe katika Afrika ya Mashariki na ya Kati

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya historia ya mifugo barani Afrika, chanjo husimuliwa kama habari ya wataalamu: nani aligundua nini, katika maabara gani, mwaka gani. Mfugaji mwenyewe hutokea mwishoni, akiwa amesimama kando ya zizi lake, na swali linaloulizwa juu yake ni moja tu: je, alikubali ama alikataa? Akikubali husifiwa kuwa ameelimika. Akikataa huitwa mtu wa mila asiyetaka maendeleo. Maelezo ya namna hiyo hayaelezi kitu. Yanachukua matokeo na kuyageuza kuwa sababu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo hilo kutoka upande wa zizi. Swali lenyewe ni hili: kwa nini katika eneo moja la Afrika, katika muda usiofika miaka hamsini, chanjo moja ilipingwa kwa moto na nyingine ikanunuliwa kwa fedha za mfugaji mwenyewe? Mifano miwili itafuatwa. Wa kwanza ni sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe wa bara zima katika miaka ya 1890 na ambao ulitangazwa kuwa umetoweka duniani mwaka 2011. Wa pili ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao mpaka leo unaua ndama kuanzia Sudani ya Kusini hadi Msumbiji, ukipitia Kivu na Ituri. Magonjwa haya mawili yana uhusiano wa kihistoria, na kila moja lina funzo lake juu ya hiari ya mfugaji.

1. Neno na tendo: kuchanja kabla ya sindano

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Kitenzi kuchanja katika Kiswahili ni cha kale kuliko sindano ya daktari. Maana yake ni kupasua au kukata kwa kisu: mtu huchanja kuni, na mganga humchanja mgonjwa chale ndogo juu ya ngozi ili apate kupaka dawa mahali damu ilipochomoza. Kutoka kitenzi hicho likatoka jina chanjo. Huduma za afya za Wazungu zilipofika, watu hawakutafuta neno la kigeni la kuitia kazi hiyo. Walikuwa nalo tayari, na neno hilo lilikuwa limebeba wazo zima: kitu kidogo kinaingizwa mwilini kwa njia ya jeraha dogo ili mwili ukingwe na jambo kubwa zaidi.

Wazo hilo halikuwa la wanadamu peke yao. Wafulani wa Afrika ya Magharibi walikuwa na desturi ya kukinga ng'ombe wao dhidi ya homa ya mapafu kwa kuchukua kipande cha pafu la mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo na kukiingiza katika chale iliyokatwa juu ya pua ya mnyama mzima. Mnyama aliugua mahali pale, pengine akabaki na uvimbe, lakini aliyepona hakuambukizwa tena. Katika Ulaya, daktari Louis Willems wa mji wa Hasselt nchini Ubelgiji alitangaza mwaka 1852 njia inayofanana na hiyo, isipokuwa yeye alichanja ncha ya mkia. Hivyo basi, mfugaji wa Kiafrika na mtaalamu wa Kibelgiji walikuwa wamefikia kanuni moja.

Jambo hili lina uzito katika hoja inayofuata. Wafugaji walipokuja kukataa chanjo katika karne ya ishirini, haiwezekani kusema kuwa walikataa kwa sababu wazo lilikuwa geni kwao. Kulikuwa na tofauti nyingine. Katika desturi ya kale, mwenye ng'ombe ndiye aliyechagua siku, ndiye aliyechagua mnyama, na mchanjaji alikuwa mtu wa jamii yake, ambaye akikosea angekutana naye kesho yake. Chanjo ya kikoloni ilimwondolea mambo hayo yote matatu.

2. Sotoka na utawala wa karantini

Sotoka iliingia katika pembe ya Afrika mnamo mwaka 1887, kupitia bandari ya Massawa katika nchi ya Eritrea ya leo. Ilishuka kusini kwa kasi. Uhabeshi ilipoteza sehemu kubwa mno ya ng'ombe wake na ikaingia katika njaa kuu. Mnamo 1890 na 1891 ilikuwa imefika katika nchi ya Wamaasai, ambao kumbukumbu yao ya wakati ule ni ya maangamizi: sotoka, ndui na njaa vilifuatana. Katika Rwanda ya mfalme Rwabugiri ilijulikana kwa jina la umuryamo. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi, na muda mfupi baadaye ikaenea Afrika ya Kusini.

Huko kusini ndiko serikali za kikoloni zilikojifunza namna zao za kupambana na ugonjwa huu: seng'enge mipakani, kuzuia misafara, na kuua kwa risasi makundi yaliyoambukizwa ama yaliyodhaniwa kuambukizwa. Robert Koch aliitwa Kimberley mwishoni mwa 1896 na kupendekeza chanjo iliyotokana na nyongo ya mnyama aliyekufa kwa sotoka. Kwa mfugaji, hata hivyo, tendo lililomfikia kwanza lilikuwa bunduki, na sindano ikafuata nyuma. Kuuawa kwa ng'ombe kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea uasi wa Watswana wa Langeberg mwaka 1897.

Katika Kenya ya kikoloni, maabara ya mifugo ya Kabete ilianzishwa mwaka 1910. Njia iliyotumika miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya hatari: mnyama alidungwa kwa pamoja damu yenye ugonjwa na maji ya damu yenye kinga. Vipimo visipolingana, mnyama alikufa. Mwenye shamba wa Kizungu, ambaye alikuwa na ng'ombe wa gharama na mtaalamu karibu, aliweza kuikubali hasara hiyo kama sehemu ya biashara. Kwa Mwafrika hesabu ilikuwa tofauti. Alitakiwa kuihatarisha mali yake huku maeneo yake yakiwekwa chini ya karantini kwa miaka mingi, asiweze kuuza ng'ombe nje ya mipaka yake. Chanjo haikumfungulia soko. Kundi lililochanjwa na lile lisilochanjwa yote yalifungiwa ndani ya mpaka uleule.

Zaidi ya hayo, idara ileile iliyochanja ndiyo iliyohesabu. Na hesabu, kwa uzoefu wa watu, haikuwa jambo la heri. Mwaka 1938 serikali ya Kenya iliamua kupunguza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba wa Machakos, kwa madai kwamba walikuwa wakiharibu ardhi. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa mnada. Maelfu ya Wakamba wakaenda Nairobi kudai kumwona gavana, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa na kupelekwa Lamu. Serikali ililazimika kurudi nyuma. Baada ya tukio kama hilo, mfugaji aliyemwona afisa wa mifugo akikaribia zizi na daftari mkononi hakuhitaji kuwa mjinga ili awe na mashaka.

3. Murang'a, 1951

Mashaka hayo yaligeuka kuwa upinzani wa wazi huko Murang'a, katika nchi ya Wakikuyu, mwaka 1951. Serikali iliendesha chanjo ya lazima dhidi ya sotoka. Habari zikaenea kuwa ng'ombe waliochanjwa walikuwa wakifa. Wanawake ndio waliotangulia: walikusanyika, wakaandamana, wakavichoma moto vizuizi vya miti ambamo ng'ombe waliingizwa ili wachanjwe. Wengi wao walikamatwa.

Kwa nini wanawake? Sababu moja ni kwamba miaka michache tu kabla ya hapo, mnamo 1947 na 1948, wanawake wa wilaya hiyohiyo walikuwa wamegoma dhidi ya kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kwao, matuta na chanjo vilikuwa mambo ya ukoo mmoja: vyote viliamriwa na serikali ileile, vilisimamiwa na machifu walewale, na havikumpa mtu nafasi ya kuuliza. Sababu ya pili ni ya nyumbani. Ng'ombe aliyekufa alikuwa maziwa ya watoto yaliyopotea, tena alikuwa mahari ya mwana wa kiume. Hasara ilikuwa yao, bali uamuzi haukuwa wao.

Wanahistoria wengi wameliona tukio hili kama dalili ya vita vya Mau Mau vilivyofuata mwaka 1952, na si kosa. Lakini likitazamwa kwa upande wa historia ya chanjo, lina maana nyingine ambayo haipaswi kupuuzwa. Sotoka ilikuwa ugonjwa wa kweli, na chanjo ilikuwa na faida ya kweli. Ukweli huo wa kisayansi haukutosha. Chanjo iliyoletwa na mkono usioaminiwa ilihesabiwa kuwa sehemu ya mkono huo.

4. Bure, lakini haikudumu

Karibu na wakati wa uhuru na baada yake, mambo mawili yalibadilika. Kwanza, chanjo yenyewe ikawa salama. Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo mpya ya sotoka iliyooteshwa katika chembechembe hai ndani ya maabara. Dozi moja ilimkinga mnyama kwa maisha yake yote, wala haikumdhuru. Kwa kazi hiyo Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Pili, serikali mpya za Kiafrika zilishirikiana katika mpango mkubwa ulioanza mwaka 1962 na kumalizika mwaka 1976, ambao ulichanja mamilioni ya ng'ombe bila malipo.

Mpango huo ulifanikiwa kwa kiasi kikubwa, kisha ukavunjika. Ugonjwa ulipoonekana kuwa umekwisha, fedha zilipungua, magari yakachakaa, na ndama waliozaliwa baadaye hawakuchanjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ilirudi kwa nguvu kutoka katika sehemu chache ilikokuwa imejificha. Sehemu hizo zilikuwa nchi za wafugaji wanaohamahama, zenye vita, zisizo na barabara: kusini mwa Sudani, nchi ya Waafari huko Ethiopia, Karamoja. Chanjo ya Plowright ilihitaji baridi tangu maabara hadi kwenye ngozi ya mnyama, na baridi hiyo haikuweza kufika huko.

Ufumbuzi ulikuja kwa hatua mbili. Mtaalamu wa Marekani Jeffrey Mariner na wenzake waliiandaa chanjo hiyohiyo kwa njia ya kuikausha iliyoiwezesha kukaa wiki kadhaa nje ya jokofu. Hatua ya pili, ambayo kwa mada hii ni kubwa zaidi, ilikuwa ya kuikabidhi kwa wafugaji wenyewe. Watu waliochaguliwa na jamii zao, wengine wasiojua kusoma, walifundishwa kwa muda mfupi kuchanja, wakatembea na makundi kwa miguu. Kusini mwa Sudani, ambako vita vilikuwa vikiendelea, idadi ya ng'ombe waliochanjwa kwa mwaka ilipanda kutoka takriban 140,000 mwaka 1992 hadi karibu milioni moja na nusu mwaka 1993. Katika nchi ya Waafari, wachanjaji wapatao 20 walichanja zaidi ya ng'ombe 70,000, na vipimo vya damu vilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanyama waliopimwa walikuwa wamepata kinga.

Hapakuwa na polisi wa kuwalazimisha Wadinka wala Waafari. Ng'ombe waliletwa kwa hiari, kwa sababu ugonjwa ulijulikana kwa jina lake katika lugha ya wenyeji, dalili zake zilisimuliwa na wazee, na mchanjaji alikuwa mtoto wa jirani. Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru nchini Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui.

5. Ndigana kali: mfugaji afungua mfuko

Ndigana kali ni mtoto wa sotoka kwa njia ya historia. Sotoka ilipomaliza ng'ombe wa Rhodesia, walowezi walinunua wengine kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki na kuwapitisha bandari ya Beira. Mnamo 1901 na 1902 ugonjwa mpya ukazuka miongoni mwa ng'ombe wa huko. Koch aliitwa tena. Vimelea vyenyewe alikuwa amekwisha kuviona katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam miaka michache kabla, bila kujua uzito wake. Kwa kuwa ugonjwa ulitoka pwani ya mashariki, Wazungu waliuita kwa jina la pwani hiyo.

Wafugaji walikuwa na majina bora zaidi. Wamaasai huuita oltikana. Kiswahili cha wafugaji wa Tanzania hutenganisha ndigana kali na ndigana baridi, na utenganisho huo unalingana na magonjwa mawili tofauti ya kupe ambayo maabara pia huyatenganisha. Ndigana kali huletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayekaa masikioni. Tezi chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani. Ndama hufa katika muda wa wiki chache. Mfugaji huyaona yote hayo kwa macho yake, mwaka baada ya mwaka.

Kwa muda mrefu kinga pekee ilikuwa josho. Serikali ya Tanzania ilijenga majosho mengi na kuyalipia dawa. Uchumi ulipoharibika katika miaka ya 1980 na ruzuku kuondolewa, majosho mengi yalikauka.

Wakati huohuo, huko Muguga, katika miaka ya 1970 watafiti walikuwa wamepata njia nyingine. Vimelea hai vya aina tatu vilivyotolewa katika kupe huchanganywa na kumdungwa mnyama chini ya sikio, na papo hapo anapewa dawa ya tetrasaiklini inayokaa mwilini kwa siku kadhaa. Ugonjwa unaanza, dawa inauzuia, na mnyama anabaki na kinga. Ni kanuni ileile ya Wafulani na Willems. Chanjo hii ilikuwa na matatizo yake. Lazima ihifadhiwe katika nitrojeni yenye baridi kali mno; mrija mmoja una dozi za makumi ya ng'ombe; ukifunguliwa lazima utumike kwa saa chache. Tena ilikuwa ghali: dola kadhaa za Marekani kwa kila kichwa. Serikali kadhaa zilisita kuiruhusu kwa sababu ina vimelea hai. Wataalamu wengi waliona kuwa haiwezi kuwafaa wafugaji maskini.

Tangu mwaka 1998 chanjo hiyo iliuzwa kaskazini mwa Tanzania, ikipelekwa vijijini na waganga wa mifugo wa binafsi, na mfugaji alilipa gharama kamili. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamaasai, watu ambao vitabu vya kikoloni viliwataja mara kwa mara kama wakaidi wa maendeleo. Katika muda wa miaka kumi na michache, zaidi ya ng'ombe nusu milioni walichanjwa, wengi wao wakiwa ndama. Uchunguzi wa Katherine Homewood na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa vifo vya ndama vilipungua sana katika maboma yaliyochanja.

6. Sababu zilizomsukuma mfugaji

Ukilinganisha mifano hii, sababu za hiari zinaanza kujitokeza. Ya kwanza ni kwamba hasara ilionekana, na nafuu pia ilionekana. Ndama waliochanjwa waliishi katika zizi moja na wale wasiochanjwa, wakalishwa majani yaleyale. Msimu ulipokwisha, kila mtu aliweza kuhesabu. Maneno ya mtaalamu hayakuwa na nguvu kama hesabu ya jirani.

Ya pili ni kwamba faida ilibaki kwa aliyelipa. Kinga ya ndigana kali ni ya mnyama mmoja kwa maisha yake, na mwenye mnyama huyo ndiye anayevuna. Zaidi ya hayo, ng'ombe aliyechanjwa alivishwa hereni ya sikioni. Hereni hiyo haikukusudiwa kuwa kitu cha soko, lakini wanunuzi walijifunza kuisoma, wakamlipia mnyama mwenye hereni bei ya juu kuliko mwenzake. Jambo hili ni kinyume kabisa cha karantini ya Kenya ya kikoloni. Huko chanjo haikumsaidia mtu kuuza. Hapa ilimpandishia bei.

Ya tatu ni malisho, na inahitaji kuelezwa kwa urefu kidogo. Katika Ngorongoro, nyumbu huzaa katika tambarare zenye majani mafupi mwanzoni mwa mwaka, na ndama wao hubeba kirusi kinachoua ng'ombe. Kwa hiyo Wamaasai hulazimika kuwaondoa ng'ombe wao tambarare wakati uleule majani yake ni bora, wakawapandisha nyanda za juu zenye kupe wengi. Wakikimbia ugonjwa mmoja, huingia katika mwingine. Ng'ombe waliochanjwa dhidi ya ndigana kali waliweza kukaa nyanda za juu bila vifo vile vya zamani. Hivyo mfugaji alinunua zaidi ya afya ya ndama: alinunua haki ya kutumia ardhi ambayo ugonjwa ulikuwa umemfungia.

Ya nne ni ushirika ambao chanjo yenyewe ililazimisha. Kwa kuwa mrija mmoja ulitosha makumi ya ng'ombe na haukuweza kufungwa tena, majirani walipaswa kukubaliana siku, kukusanya ndama na kuchanga fedha kabla ya mganga kufika. Udhaifu wa kitaalamu ukawa nguvu ya kijamii. Uamuzi haukuwa wa mtu mmoja mbele ya afisa. Ulikuwa wa wazee na majirani waliokaa kikao.

Ya tano ni aliyeshika sindano. Muuzaji wa chanjo aliishi kwa biashara hiyo na alihitaji kurudi kijijini mwaka uliofuata. Ndama wakifa, naye alipoteza. Kwa namna fulani hali ya kale ilikuwa imerejea, ile ambayo mchanjaji aliyekosea alikutana na mwenye ng'ombe kesho yake.

Kuku nao wanatia nguvu hoja hii. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayostahimili joto kidogo na kutiwa tone moja jichoni, imeenezwa katika vijiji vya Tanzania na Msumbiji na wachanjaji wa kijijini kwa malipo madogo. Kuku aghalabu ni mali ya wanawake. Mahali ambapo wanawake walifundishwa kuchanja na kushika malipo, kazi iliwaweka wenye mali na wenye uamuzi mahali pamoja. Wanawake wa Murang'a hawakuwa na nafasi hiyo.

7. Mipaka ya hiari

Isije ikadhaniwa kwamba malipo na hiari ni dawa ya kila ugonjwa. Mfugaji hununua kinga ya ugonjwa anaouona na unaomdhuru yeye. Ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humwambukiza binadamu kwa njia ya maziwa mabichi, haumuui ng'ombe kwa povu na homa. Faida ya kuuzuia humwendea hata mnywaji wa maziwa aliye mjini. Kumwambia mfugaji aulipie peke yake ni kumtaka atoe sadaka kwa ajili ya wengine. Vivyo hivyo, kufuta kabisa ugonjwa unaoambukiza kutoka kundi hadi kundi ni kazi ya watu wote, na wa mwisho kuchanja hana sababu kubwa ya kulipa, maana majirani wamekwisha kumkinga. Ndiyo maana sotoka haikufutwa na soko. Ilifutwa kwa fedha za umma zilizopitia mikono ya wafugaji.

Swali hili linaihusu Kongo moja kwa moja. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ni ndugu wa sotoka ya ng'ombe, iliua maelfu ya mbuzi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2012. Mwaka 2015 mashirika ya kimataifa ya chakula na ya afya ya wanyama yalikubaliana huko Abidjan kuufuta ugonjwa huo duniani ifikapo mwaka 2030. Chanjo ipo, nayo ni nzuri. Lakini mbuzi wa Kongo ni benki ya maskini: hulipa ada ya shule, hulipa hospitali, huenda kwenye mahari. Mwenye mbuzi watatu hana sauti katika kikao cha wafugaji. Katika Kivu na Ituri, mahali ambapo tangu miaka ya 1990 makundi mazima ya ng'ombe yameporwa na watu wenye silaha, kuna swali lingine linalotangulia yote: je, mnyama nitakayemchanja leo atakuwa wangu kesho? Mtu hawekezi katika mali asiyo na hakika nayo.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kuwa hiari ya mfugaji haikuletwa na mahubiri wala na kuelimishwa kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Wafugaji walilijua wazo la chanjo kabla ya maabara. Walikataa pale chanjo ilipoambatana na hesabu, karantini na amri. Walikubali pale walipouona ugonjwa na nafuu yake kwa macho, faida ilipobaki zizini mwao, na mchanjaji alipokuwa mtu anayeweza kuulizwa. Pale faida ilipokuwa ya wote, umma ulipaswa kulipa, lakini hata hapo kazi ilifanikiwa ilipowekwa mikononi mwa wenye mifugo.

Kuna funzo pia kwa wanaoshughulika na lugha. Wataalamu waliofaulu kusini mwa Sudani na katika nchi ya Waafari walianza kwa kuuliza ugonjwa unaitwaje na unafananaje katika lugha ya wenyeji. Majina kama umuryamo, oltikana, ndigana kali na ndigana baridi yamebeba uchunguzi wa vizazi vingi. Majina ya magonjwa ya mbuzi na ng'ombe katika Kiswahili cha Kivu, cha Maniema na cha Katanga, pamoja na yale ya lugha zinazopakana nacho, yanastahili kukusanywa na kulinganishwa kwa utaratibu. Kampeni ya mwaka 2030 itakapofika katika vijiji vya Kongo, itamhitaji mtu anayejua mfugaji anauita ugonjwa wake nani, kabla ya kumwambia afungue mlango wa zizi.